Pumzi za Refu

Mdogo wangu anapiga ngoma kwenye bendi ya rock, ya zile nyimbo ndefu ambazo unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukakuta gitaa bado linazunguka palepale. Mimi ni fundi cherehani, na studio yao ni chumba cha nyuma ya nyumba yangu. Ukutani magodoro mabovu, katikati kioo kikubwa, upande huu mitambo, upande ule mwimbaji.

Mwimbaji wao tulimwita Refu. Mapafu ndiyo yaliyomuua, na mpaka leo sipendi kulizungumzia.

Binti yake wa pekee akashika nafasi yake ili albamu mpya ikamilike. Shida ikawa mapigo. Nyimbo zao hubadilika ghafla, na wanaume wazima wale hawakuwahi kujifunza kuhesabu. Kila badiliko lilipokaribia, Refu alivuta pumzi kwa nguvu kwenye maiki, nao wakaingia pamoja. Bila yeye walikuwa wakigongana tu. Fundi mitambo akapata wazo: akachukua rekodi za zamani, akakata pumzi za Refu, akazipanga kwenye nyimbo mpya ili wazisikie masikioni.

"Mbona anavuta tu?" nilimuuliza. "Kutoa kuko wapi?"

"Kutoa hakutusaidii, dada. Pumzi za kutoa nimezifuta."

Wakaanza kupiga vizuri ajabu. Nilisimama mlangoni nikalia kidogo, sikuona haya.

Halafu binti akaanza kuchoka. Akawa hamalizi ubeti, baadaye hamalizi hata mstari. Akitoka uani kuingia ndani, anashika ukuta. Daktari alimpima akasema mapafu ni safi kabisa. Nikamgombeza apumzike.

"Tumebakiza kidogo tu, shangazi," akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Mchana mmoja niliwapelekea chai. Binti alikuwa akiimba nyuma ya kioo. Chumba kile hakipitishi hewa, kwa hiyo kioo kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zake. Kwenye spika, Refu akavuta.

Ukungu ukasogea.

Ulipanda. Ukakusanyika juu ya kichwa cha binti, pale ambapo mdomo wa Refu ungefika. Kisha ukaisha.

"Zima," nilinong'ona.

Fundi akazima. Ngoma zikanyamaza, gitaa likanyamaza. Pumzi ikaendelea kuvutwa. Binti akashika koo. Akaanguka.

Mdogo wangu alimbeba hadi uani. Fundi alifuta pumzi zote, moja baada ya nyingine. Tulimpepea binti kwa kipande cha kitambaa changu mpaka akafumbua macho, na rangi ikamrudia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ikabidi wajifunze kuhesabu, wakigombana kama watoto wa chekechea. Binti alirudi kwenye maiki akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Aliimba ubeti mzima, wa pili, wa tatu, bila kukata.

"Huyu hata hapumui," fundi akasema, na sote tukacheka.

Albamu ilipokamilika, binti aliniletea tuisikilize pamoja. Ilikuwa asubuhi ya mvua na baridi kali, tumekaa dirishani karibu na cherehani yangu. Wimbo wa mwisho ukaisha. Nikanyoosha mkono kuzima.

Ndipo ikasikika pumzi ikitolewa. Ndefu, taratibu, ya mtu anayetua mzigo. Baadaye fundi aliniapia kwamba hajaiweka yeye.

"Baba amepumzika," binti akasema, akitabasamu. Aliegemeza paji la uso kwenye dirisha, mdomo ukikaribia kugusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu akitazama mvua.

Upande wangu kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Nilitazama upande wake, nikangoja. Kilikuwa kikavu, na kikabaki kikavu.