Sindano Chini ya Samaki

Naitwa Jaël. Kazi yangu ni utafiti wa dawa. Miaka mingi nimekaa maabarani, Lubumbashi na ng'ambo, nikichunguza aina moja tu: dawa za kingamwili. Nachunguza zinavyofanya kazi mwilini na vitu vinavyoziharibu. Watu wa nchi za mbali huniita niwafundishe. Lakini nyumbani kwetu Likasi, nani ananisikiliza? Hakuna!

Mama yangu, Marcelline, huuza samaki wa ziwa Tshangalele. Ana ugonjwa wa viungo. Vidole vyake vimevimba na kukakamaa. Hawezi kupara samaki. Hawezi kufunga kitambaa chake cha kichwa. Baba, Séraphin, humfungia, tena vibaya. Zamani ukimkosea mama, alikuvuta sikio mpaka machozi yakutoke. Siku hizi hata kulishika hawezi.

Daktari wa Lubumbashi alimwandikia sindano za kingamwili. Nilizileta mwenyewe. Nikasema, "Mama, weka mahali pa baridi." Baba akafundishwa kumchoma. Tukangoja. Vidole havikubadilika hata kidogo. Daktari akasema hivi: bila nafuu, dawa hiyo ataisimamisha. Na mama alishaanza kutafuta mtu wa kumwachia meza yake sokoni.

Nikapanda gari kwenda Likasi, kichwa kinaniuma.

"Mama, sindano iko wapi?"

"Mu kongelatere," akajibu kwa fahari, akionyesha friza yake ya kugandishia samaki. "Chini kabisa, chini ya samaki ya muzuri. Pale barafu iko nguvu."

"Mu kongelatere? Na mukitaka kuchoma, munafanya nini?"

"Inakuwa jiwe, mutoto wangu. Baba yako anaitia mu maji ya moto."

"Ile maji ya bukari," baba akaongeza, akionyesha sufuria ya ugali. "Mbele ya kutia bunga."

Mayo! Nilishika kichwa. Maabarani tunaharibu dawa kwa makusudi, ili tujue mipaka yake. Wazazi wangu waliiharibu kwa bidii kuliko sisi! Nilipaza sauti mpaka jirani yetu Mahamudu, mwenye duka la soda, akaja mlangoni.

"Odi! Kuko kilio?"

"Kilio ya dawa!" nikamjibu. "Nilisema baridi, sikusema barafu!"

"Baridi ni baridi," mama akasema. "Samaki ya ile kongelatere njo ilikusomesha. Leo unanipigia makelele?"

Nikakaa. Nikavuta pumzi.

"Mama, samaki wa barafu akiyeyuka, nyama yake inakuwaje?"

"Inalegea. Inatoa maji."

"Ukimurudisha mu barafu, anakuwa mupya tena?"

"Wapi! Anaharibika zaidi."

"Basi. Kingamwili ni protini, sawa nyama ya samaki. Iko na umbo lake. Kwa umbo hilo inakamata kitu kinachovimbisha viungo vyako. Barafu inavunja umbo. Maji ya moto yanamalizia. Ile mulichoma haikuwa dawa tena."

Mama aliangalia mikono yake.

"Niliweka pale sababu ni kitu ya kazi yako," akasema. "Kitu ya maana njo tunaweka chini kabisa."

Hasira yangu ikapungua nusu. Nusu ilibaki.

Sindano zilizoganda nilizirudisha hospitali zikateketezwe. Nikampigia daktari simu, nikamweleza yote. Akakubali kuanza upya. Lakini kwetu hakuna frigo, ile friji isiyogandisha, kuna kongelatere tu.

"Frigo ya duka yangu iko na sola," Mahamudu akasema. "Muilete kwangu."

"Asante, papa Mahamudu. Weka katikati. Si mlangoni, si karibu na barafu. Musiitikise."

"Na muntu akinunua soda?"

"Anunue! Boksi la mama asiliguse."

Nikamgeukia baba. "Mbele ya kuchoma, iache kidogo mezani, baridi ipungue yenyewe. Hakuna maji ya moto. Hakuna jua. Mama akipata homa, mpigieni daktari kwanza."

"Na maji ya bukari?" akauliza.

"Ya bukari tu, baba!"

Miezi ikapita. Niliporudi Likasi, nilikwenda moja kwa moja sokoni. Mama alikuwa mezani pake, magamba ya samaki yakiruka huku na huku. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri. Nikajua si baba aliyekifunga.

"Jaël, kuya hapa."

Nikainama nimsalimie. Akanishika sikio kwa vidole vyenye harufu ya samaki, akavuta.

"Hii ni ya siku ile ulinipigia makelele mbele ya Mahamudu."

"Mama, inauma!"

Akaacha kuvuta. Akaangalia vidole vyake.

"Inauma kweli?"

"Inauma sana, mama."

Akavuta tena.