Sauti ya Mwanaume Kwa Simu ya Siste

"Huyo mwanaume ni nani?! Nimeuliza huyo mwanaume ni nani?!"

"Chris, aki nisikize..."

PAAA!

Hiyo kofi niliisikia nikiwa jikoni nasonga obusuma, ugali yetu. Niliacha mwiko kwa sufuria nikakimbia sebuleni.

Wasee...

Siste yangu Navalayo alikuwa chini, mdomo imejaa damu. Juu yake amesimama bwana yake, Chrispinus. Ametoka kuoga saa hiyo hiyo. Taulo kiunoni, ameishikilia na mkono moja, povu bado kwa masikio.

Na panga kwa ule mwingine! Ile ya kukata miwa!

"Nimekusikia! Ati 'Navalayo, uko salama?' Salama ya nani, kwa nyumba yangu?!"

"Ni kaunsela, Chris! Tunaongeanga kwa video, juu ya ndoa yetu!"

"Ndoa yangu inaongelewa na mwanaume mwingine kwa simu?!"

Akamchapa na ubapa ya panga kwa mgongo. Siste alitoa sauti sijawahi kusikia mtu akitoa.

Nikaruka. Manze mimi ni mkonde, nimemaliza Form Four juzi, hata kuku ya hapa Lurambi hainiogopangi. Nilishika mkono yake... akanitupa ukutani. Makali ikapita kwa kiwiko yangu. Nikaona nyama ikifunguka, nyeupe kwanza, halafu nyekundu.

"Toka hapa, kijana! Ama nikumalize na wewe!"

"Shemeji, wacha! Utamuua!"

"Hasira ikinipanda sionangi! Mnanijua! Sionangi!"

Hiyo ndio ilikuwa wimbo yake. Alivunja siste mkono Krismasi... sionangi. Akammwagia chai moto... sionangi. Na siste alimwamini! Kila saa anatuambia, "Si yeye. Ni hasira. Hajiwezi." Ndio maana hakuwa anaondoka. Ndio akatafuta Kimutai, kaunsela wa mtandaoni, amfundishe kutuliza hiyo hasira.

Sasa shika hapa.

Simu ilikuwa bado imeegemea thermos kwa meza. Haijakatwa! Kimutai anapiga nduru huko ndani, "Navalayo! Navalayo!"

Chrispinus akaiona.

"Ndio huyu! Leo atanijua!"

Akainyakua na ile mkono ilikuwa imeshika taulo.

Taulo ikaanguka.

Akanyoosha simu mbele yake, uchi wa mnyama, panga juu.

"Wewe mbwa! Nitakuja huko nikuchinje mpaka..."

Akaangalia skrini.

Kimutai alikuwa kadogo tu, kwa kona. Skrini yote ilikuwa mama yetu! Ameketi kwake Butali, kitambaa kichwani, analia. Hiyo siku Kimutai alikuwa amemuomba aingie kwa kikao, amsaidie siste.

Kama wewe si wa huku kwetu, wacha nikuambie. Mwanaume na mama wa bibi yake hawasalimianangi kwa mkono. Hawakulangi meza moja. Akimwona mbele njiani, anaingia kwa miwa ajifiche.

Sasa amsimamie UCHI?!

"Chrispinus?" mama akasema.

Tu hivyo. Chrispinus.

Panga ikaanguka. Simu ikaanguka. Huyo ndume wa kuchinja watu akaruka nyuma ya kochi, akajifunika na kitambaa ya kochi, anatetemeka kama kuku ya mvua.

"Mama, nisamehe... Mama, usiangalie... Zimeni hiyo kitu!"

Nikaokota panga. Siwadanganyi, nilitaka kumkata. Mkono ilikuwa imeshapanda.

Siste akanishika.

"Wacha," akasema.

Akasimama pole pole, ameshikilia mbavu. Akatema damu na kipande ya jino. Akageukia ile kochi.

"Kumbe unaonanga," akasema.

"Nava..."

"Umemwona mama, panga ikaanguka. Kumbe breki ziko, Chris. Na zinashikanga mara moja. Ni mimi tu hukuwahi kunifungia hizo breki."

"Nava, mpenzi, si unajua hasira..."

"Mama," akaambia simu, "nakuja nyumbani."

Akatoka vile alikuwa. Bila viatu.

Na wewe dada unasoma hii ukisema ati wako hajiwezi... angalia kama anampiganga mkubwa wake wa kazi. Angalia kama anapiganga polisi. Hapo ndio utajua anajiweza ama hajiwezi.

Nikatupa panga nje kwa migomba, nikarudi kuchukua viatu za siste.

"Kijana!" huyo wa nyuma ya kochi akaita, sauti imekuwa kadogo. "Shemeji wangu... nipatie tu hiyo taulo."

Nikaiokota.

Nikaifunga kwa kiwiko yangu, nikakaza na meno mpaka damu ikapungua.

Nikatoka. Nikafunga mlango.