Aliyeitika kwa Jina la Marehemu

Asubuhi ya kwanza baada ya wageni wa msiba kuondoka, kiti cha marehemu kiliburuzwa sebuleni.

Mjane alikuwa jikoni anachuja chai. Mburuzo ulikuwa mfupi, kama wa mtu anayeinuka kwa heshima. Akadhani ni binti yake. Lakini binti yake alikuwa nje anaanika mashuka, anaonekana dirishani.

Kisha simu ya marehemu, iliyokuwa juu ya kabati, ikasema kwa sauti ya marehemu: "Nipo."

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu. Wenzake wa chuo cha ualimu walimwita Chaki, na uzeeni walikuwa wamekusanyana tena katika kundi la simu. Kila asubuhi Kiranja, ambaye alikuwa kiranja wao ujanani na hakuna aliyewahi kumvua cheo, aliwaita mmoja mmoja kwa sauti, kama darasani, na kila mmoja akaitika "Nipo." Chuoni ilikuwa sharti usukume kiti, usimame, ndipo uitike. Sasa waliitikia vitandani, hawajapiga mswaki. Watu wazima wenye vipara na meno ya bandia! Walisema huko ndiko kushikamana.

Chaki aliugua mwaka mzima. Walimtumia picha za maua. Kiranja alikaa nyuma ya soko, mwendo wa kumaliza tasbihi moja, na hakuja. Siku ya maziko, Kasuku, mwanamke aliyeongea kuliko wote, aliandika kwamba mafua yamembana. Mwingine alikuwa anamsubiri fundi bomba. Wote walimalizia kwa maneno yaleyale: "Pole sana, shemeji. Tuko pamoja." Chini yake, mikono miwili iliyokutanishwa.

Baada ya hapo Kiranja alitangaza uamuzi.

"Ndugu zangu, Chaki hafutwi. Kila asubuhi tutamwita kama kawaida. Hiyo ndiyo heshima yake."

"Hapo umenena!" akajibu Kasuku. "Chaki wetu daima!"

Ilikuwa heshima isiyochosha miguu, wakaipenda. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza: ukiita jina la maiti kila kunapokucha, nani atakayeitika? Maiti ana shughuli yake na Mola wake. Lakini hewani wapo wasio na jina, wanaotafuta la kuazima.

"Mama, umesikia?" binti aliuliza asubuhi ile, akiingia na beseni tupu.

"Nimesikia."

"Ni baba."

"Kunywa chai, itapoa."

Kundini watu walicheka. "Shemeji ameweka rekodi ya zamani," alisema Kasuku. "Mjanja huyu! Asante shemeji, umetufuta machozi." Machozi yapi, Mungu anajua.

Binti akaizima simu, akatoa laini, akaificha laini hiyo kwenye kopo la vifungo la mama yake, aliyekuwa fundi cherehani. Kesho yake kiti kikaburuzwa, na simu iliyozimwa ikaitika, na kule kundini wakasikia, wakatuma vikaragosi vya kucheka.

Hapo ilikuwa zamu ya mjane kuogopa, lakini hakuogopa. Alianza kuamka mapema ili asiikose ile sauti. Alikuwa akimaliza sala anakaa sebuleni, mikono magotini, anangoja neno moja la mume wake. Vitambaa vilikaa kwenye cherehani bila kushonwa. Chakula alikionja akakiacha.

"Mama, unakwisha," binti alinong'ona. "Gauni lako linakuvuka mabegani."

"Nitalipunguza."

"Hilo si jambo la kupunguza gauni! Nakuona unamfuata baba."

Kiti nacho kilikuwa kinahama. Walikiacha mezani, wakakikuta katikati ya sebule. Wakakirudisha, wakakikuta kwenye ujia. Na kila kilipopita kiliacha harufu ya vumbi la chaki iliyolowa, harufu iliyokuwa nzuri mwanzoni, kisha ikawa kama ya kisima kilichozibwa.

Mpaka alfajiri moja mjane alipoamka kabla ya adhana, mwanga ukiwa bado wa kijivu na rangi ya pazia haijapambanuka, akaona kupitia mlango ulioachwa wazi kwamba kiti kimesimama kizingitini, kimemgeukia, na akataka kumwita binti yake lakini ulimi ukawa mzito kama kitambaa kilicholowa, na Kiranja kule kwake hakuwa hata ameanza kuita, na hata hivyo kiti kikasukumwa nyuma, na kitu kikasimama, na harufu ya kisima ikaingia kabla yake, na godoro likabonyea upande ule uliokuwa mtupu, na sauti, ile sauti, yenye kikohozi kidogo mwanzoni kama ilivyokuwa maisha yao yote, ikamwambia taratibu sikioni: "Mama watoto. Sogea kidogo, nilale."

Na mwili wake, Mungu amsamehe, ukaanza kusogea.

Kilichomwokoa ni hatua. Kitu kile kilipotoka kwenye kiti kuja kitandani kilikuwa kimetembea, na masikio yake yalikuwa yamehesabu bila yeye kutaka. Hatua zilikuwa sawasawa. Mume wake alikuwa na mguu mmoja mfupi; suruali zake zote alizipinda mjane mwenyewe, mguu wa kushoto zaidi ya wa kulia, na nyumbani mle alikuwa akisikika anakuja: kishindo, kisha mburuzo. Huyu hakuburuza.

"Si wewe," alisema, akatoka kitandani akilia. Alikuwa amefiwa mara ya pili.

Binti alimleta ustadh mzee, mtu wa maneno machache. Alisoma, akanusa kiti, akaguna.

"Hili halikuja lenyewe, mama. Limeitwa, likaitika. Waliomwita marehemu waje hapa kwa miguu yao, wasimame, waseme: huyu ametangulia, hatumwiti tena. Litaondoka."

"Na wasipokuja?"

"Watu wazima waliosoma, wasije?" Ustadh alishangaa. Hakuwajua.

Mjane alimpigia Kiranja kwa simu yake mwenyewe.

"Shemeji!" Kiranja alichangamka. "Tunakuombea sana."

"Njooni nyumbani, shemeji. Hata leo. Ni maneno mafupi tu."

"Maneno mafupi? Basi mbona rahisi! Tutayarekodi, tukutumie."

"Ustadh amesema kwa miguu."

"Shemeji, dunia imebadilika. Siku hizi mtu anahudhuria akiwa popote. Magoti yangu nayo unayajua."

"Siyajui, shemeji. Hayajawahi kufika kwangu."

Kiranja akacheka kwa adabu, akakata simu. Jioni rekodi ikaja. Kiranja alikuwa ameyasema maneno yale mara moja, na wengine wote wakasambaza ileile sauti yake, kila mmoja kama yake. Kasuku peke yake aliongeza kitu: picha ya machweo.

Usiku huo kiti kilitembea nyumba nzima.

"Basi sema kweli yako," ustadh alimwambia kulipokucha. "Usilaani mtu. Kweli inatosha kufungua mlango."

Mjane aliweka kiti katikati ya sebule, akafungua mlango wa mbele, akasimama. Harufu ikaja, kisha kikohozi.

"Mama watoto," ilisema sauti.

Alijua kwamba akisema, hataisikia tena mpaka kiyama. Binti yake akamshika kiwiko.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Nilimzika, nilikuwepo. Wewe mimi sikukuita. Waliokuita wana nyumba zao."

Kiti kikasukumwa nyuma. Hatua, sawasawa, zikapita mbele yake, zikashuka kizingiti, zikaelekea upande wa soko.

Kesho yake binti alirudisha laini ili waage na kutoka kundini. Wakakuta Kiranja anaita mahudhurio. Hakuwa na haya.

"Kasuku."

"Nipo!"

"Chaki."

Sebuleni kwa mjane kimya. Nzi alisikika dirishani. Lakini katika rekodi ya Kiranja, ambaye alikaa peke yake tangu watoto wake wamchoke, kiti kiliburuzwa nyuma ya mgongo wake.

"Nipo," ilisema sauti, karibu kabisa na kinywa chake.

Rekodi ikakatika. Simu ikaita papo hapo.

"Shemeji," Kiranja alinong'ona, pumzi zinampanda. "Kuna mtu humu. Amesimama. Njoo, shemeji, si mbali. Njooni hata mmoja. Nimewapigia wote, wananitumia maua."

Mjane alisikiliza. Kwa mbali, ndani ya simu, hatua zilikuwa zinakaribia, sawasawa.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Tuko pamoja."

Akakata, akamwombea kwa Mungu kama anavyoombewa jirani yeyote, kisha akavuta cherehani karibu na dirisha, akatia uzi.