Bangili Isiyo na Kishikizo

"Usioge nayo, usilale nayo. Ukijipulizia marashi, subiri yakauke ndipo uivae," mke wangu alikuwa akimwambia mwalimu aliyekuja kuchagua bangili ya harusi yake. "Ukiivua, ifute kwa kitambaa laini kikavu, uirudishe kwenye kimfuko chake. Fedha iliyochongwa kwa mkono haitaki fujo."

"Mbona wewe unashinda na yako mkononi?"

Siku nyingine swali hilo lilikuwa likimpa raha mke wangu, angelijibu kwa maringo mpaka mteja acheke. Siku hiyo aliinama chini ya kaunta akajifanya anatafuta kimfuko. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaacha benchi nikaja mbele.

"Hiyo haivuliki, mwalimu. Asubuhi ya ndoa yetu nilimzungushia kitambaa kibichi mkononi, nikaiunga kwa moto akiwa ameivaa. Haina kishikizo. Kuitoa ni mpaka msumeno, na msumeno ninao mimi."

"Makubwa!"

"Lete mkono, mke wangu, mwalimu aone."

"Mwache mgeni anunue, jamani."

Nikaushika mwenyewe mkono wake, nikapandisha ile sweta ya mikono mirefu aliyokuwa haivui siku hizi, nikausogeza kwenye taa.

"Miaka sita, mwalimu. Tafuta ilipoungwa. Hutapaona."

Mwalimu akainama. "Si hapa?"

Nikaangalia. Palikuwa na mstari mnene, wa manjano kidogo, umepigwa tupa harakaharaka. Mimi sijawahi kuacha kiungo cha namna ile hata nilipokuwa najifunza.

Mwalimu alipotoka na bangili yake, niligeuza kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA. Ilikuwa saa sita mchana.

"Nani ameikata bangili hii?"

"Mkono ulivimba nikiwa kwa dada. Ikanibana."

"Ukavimba mpaka ukakufikisha kwa Kipara?"

Akavuta mkono wa sweta, akaifunika bangili. Na mimi nilishajua jibu, maana kazi ya Kipara naijua kuliko anavyoijua mkewe. Tulijifunza kwa sonara mmoja, benchi moja. Mkono wake siku zote ni mzito kwenye lehemu, ile fedha ya kuungia. Tena, kabla sijapeleka posa yangu kwa kina mke wangu, ya Kipara ilitangulia, ikakataliwa. Hilo lilikuwa utani wetu wa miaka yote. Mchana ule halikunichekesha.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumuuguza dada yake. Alikaa wiki mbili na nusu. Tangu arudi alikuwa analala amenipa mgongo, nguo habadilishi mbele yangu, nikimgusa anasema amechoka. Nikayapanga hayo yote kichwani, yakakaa sawasawa.

Nikampigia Kipara, simu nikaiweka kwenye spika.

"Ndugu yangu! Leo umenikumbuka?"

"Ulikata bangili ya mke wangu?"

Nikasikia nyundo ikiwekwa chini.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Basi muulize yeye. Mimi nilimwahidi."

Akakata simu. Nilimwahidi! Mpe mtu mwenye wivu neno kama hilo uone atakavyolitafuna. Nilianza kufoka, sikumbuki hata nilisema nini, mpaka mlango wa ndani ukafunguka. Duka letu ndicho chumba cha mbele cha nyumba, na mama yangu anaishi chumba cha nyuma yake.

"Kuna nini? Sauti zinafika barabarani."

"Mume wangu," mke wangu akasema polepole, "nitakwambia kila kitu. Ila mama atupishe kidogo."

"Nipishe? Ndani ya nyumba ya mwanangu?"

"Dakika tano tu, mama. Nakuomba."

Alikuwa ananiangalia mimi, si mama. Ningesema neno moja tu, mama angetoka. Angenuna siku mbili, yakaisha. Nikasema:

"Mama haendi popote. Kama jambo lako ni safi, liseme mbele yake."

Akatikisa kichwa. "Basi sina la kusema."

"Miaka sita nasubiri mjukuu," mama akadakia, "kumbe mwenzetu ana shughuli zake! Nilikwambia mimi, mwanangu. Sikukwambia?"

"Lete mkono," nikamwambia mke wangu.

Akaja mwenyewe mpaka kwenye benchi, akaweka mkono juu ya kigingi cha mbao cha kukatia. Nikachukua msumeno mwembamba.

"Angalia usinikate," akasema.

Nilikata palepale kwenye lehemu ya Kipara. Bangili ilipoachia alijisugua mkono mara moja, akaingia ndani, akatoka na mkoba mdogo. Alitembea taratibu, kiganja kimoja amekibana tumboni. Niliona. Nikadhani ni madaha.

Jioni nikamwandikia: "Mwambie huyo Kipara wako aje akufungie nyingine."

Kesho yake nikaandika mengine ambayo siyaweki hapa. Siku ya tatu ukaingia ujumbe wake mmoja:

"Mkufu wa yule mteja nesi nimeshaufunga, uko droo ya chini. Mwambie asiuweke bafuni, utasawijika. Mama dawa zake za presha zinaisha Jumatano."

Huo tu. Nikausoma nikakasirika zaidi, maana nilitaka alie.

Siku ya tano Kipara akasukuma mlango wa duka bila hodi.

"Umemfukuza?"

"Una ujasiri wewe! Umekuja kuchukua na nguo zake?"

"Kaa chini nisije nikakuchapa makofi kwenye benchi lako." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Aliisahau dukani kwangu. Nimeahidi kutosema. Sikuahidi kutokuonyesha."

Ilikuwa karatasi ya hospitali, yenye jina la mke wangu juu. Maelekezo ya kabla ya upasuaji. Asile chochote. Aje na mtu wa kumsindikiza. Na chini, mstari umepigwa kalamu: avue mapambo yote ya chuma, pete, hereni, bangili.

"Upasuaji wa nini?"

"Sijui, sikumuuliza. Alikuja na dada yake, akaniambia Kipara, kata. Baada ya wiki mbili akarudi, akasema irudishe vilevile, asijue."

"Si angekuja kwangu nikate mimi!"

"Ungemuuliza kwa nini."

Nikaikunja karatasi, nikaikunjua tena.

"Na ile lehemu," Kipara akaendelea, "najua umeicheka. Hata kusimama alikuwa hawezi, bwana. Mkono ulikuwa unamtetemeka juu ya kigingi. Nilitumia lehemu laini, ile inayoyeyuka upesi, niondoe moto haraka nisimchome. Ndiyo maana ni ya manjano. Wewe fundi mzima ulishindwa kufikiria hilo?"

Nilishindwa. Miaka kumi na tano nasoma lehemu za watu, na ile moja iliyokuwa na maana nikaisoma vibaya.

Shemeji, dada wa mke wangu, alinifungulia mlango akabaki amesimama katikati yake.

"Umefuata nini, shemeji? Umesahau kukata kitu kingine?"

"Naomba nimwone."

"Mshono ulimvuja usaha juzi. Alibeba mkoba akapanda gari peke yake, kidonda hakijapona vizuri. Unajua hilo?"

"Sijui, shemeji. Sijui chochote. Ndiyo maana nimekuja."

"Mwache apite, dada," sauti ikasema kutoka ndani.

Alikuwa ameketi kitandani, mto tumboni. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu, na pale bangili ilipokaa miaka sita ngozi ilikuwa na utepe mweupe. Nikapiga magoti sakafuni.

"Inuka. Mimi si mteja wa kubembelezwa."

"Nisamehe, mke wangu."

"Kwanza usikie." Akavuta pumzi. "Ilikuwa uvimbe kwenye kizazi. Wamekitoa chote. Mimi sizai tena, mume wangu. Kipande wamekipeleka maabara kuangalia kama ni ule ugonjwa mbaya. Majibu ni Alhamisi."

Nilisogea mpaka ukingo wa kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia wapi? Mezani, mama akiuliza mwezi huu vipi? Nilisema nipone kwanza, nipate nguvu, halafu nikae na wewe wawili tu. Siku ile nilikuwa tayari. Niliomba dakika tano."

"Najua."

"Dakika tano! Kila mteja unampa nusu saa kumfundisha kutunza bangili. Isilowe, isikwaruzwe, isiachwe juani. Bangili! Mimi nilikuomba dakika tano, ukachukua msumeno."

Akalia sasa, na kumbe nilivyotaka alie nilikuwa sijui ninachotaka. Nilinyoosha mkono, akausukuma.

"Sikufukuzi," akasema alipotulia. "Lakini sirudi kwenye nyumba hiyo kabla mama yako hajajua yote. Na simwambii mimi. Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Ukishindwa, Alhamisi usije hospitali."

Nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamwambia yote nimesimama, nikijua nikikaa nitakwepa.

"Kwa hiyo hazai," mama akasema.

"Hazai."

"Na wewe ni mwanangu wa pekee. Kwa hiyo nitakufa bila mjukuu?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua mchele. Punje nzima alikuwa anazitupa pamoja na mawe.

"Unaweza kuoa mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

"Mama, nikisikia neno hilo tena, duka nalihamisha na mimi nahama nalo."

Alipomaliza mchele akaingia chumbani kwake akajifungia, na kupitia ukutani nikamsikia analia. Nilimhurumia pia, sitasema uongo. Ila sikuingia kumbembeleza.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi moja. Nilichukua ile bangili iliyokatwa, nikaondoa lehemu ya Kipara yote, nikaitia kishikizo. Si kazi kubwa, wanafunzi huanza na hiyo. Nilikitengeneza kidogo, cha kubonyeza, nikakijaribu mkononi mwangu mara mia kwa kidole gumba peke yake, nikikilegeza kwa tupa mpaka kikafunguka bila msaada wa mtu wa pili.

Alhamisi niliwakuta kwenye kiti kirefu cha hospitali, yeye na dada yake.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alilia. Asubuhi hii amenipa hii." Nikampa chupa ya uji wa moto iliyofungwa kwenye kitenge. "Hakusema ni ya nani. Akasema tu isipoe."

Aliipokea akaiweka mapajani, hakuifungua. Nikatoa kimfuko.

"Na hii. Ukitaka. Usipotaka narudi nayo."

Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona kishikizo.

"Umeitia mlango."

"Unafungua mwenyewe, kwa mkono mmoja. Mimi sihitajiki."

Aliivaa, ikalia tik, akaurudisha mkono wa sweta juu yake.

Tukaitwa ndani. Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha kabla hajasema neno. Alisema ni ule ugonjwa mbaya. Alisema wamewahi kuukuta mapema kiasi, si mapema sana. Alisema dawa zitaanza wiki ijayo, ni kali, nywele zitatoka, na leo hiihii kuna picha ya kupiga waone kama umesambaa. Shemeji akatoka nje akizuia kilio kwa leso. Mke wangu aliuliza maswali mawili, sauti kavu.

Nesi akatupeleka mpaka mlango wa chumba cha mashine.

"Mume utabaki hapa. Mama, vua mapambo yote, usiingie na chuma."

Kwa mazoea nikanyoosha mikono yote miwili kumsaidia. Akanitazama, nikairudisha. Akabonyeza kishikizo kwa kidole gumba, bangili ikafunguka mara moja. Akaishika kidogo, ina joto lake bado, kisha akaiweka kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Nishikie," akasema. "Nikitoka nitaitaka."

Mlango ukafungwa. Nikaketi, nikatoa kitambaa mfukoni nikaifuta, ingawa ilikuwa safi. Mpaka anatoka nilikuwa bado naifuta.