Jino Kwenye Kitako cha Mjozi

Rafiki yangu Verlin Stamper, yule mwenye mwanya kati ya meno ya mbele, fundi wa bunduki kule vilima vya Missouri, si mtu wa kubuni mambo. Alimchongea mteja wake, Hobart Lisk, kitako kipya cha bunduki kwa mti wa mjozi, akakisugua mafuta kwa kiganja siku tisa. Kila asubuhi alikikuta kimebonyea mwishoni: alama ya jino moja lililovunjika pembe. Akakifunika kwa kitambaa kibichi, akagandamiza pasi ya moto. Mbao ikalia fsss, ikainuka, alama ikafutika. Kesho yake alama imerudi.

Hobart alikuja kuichukua bunduki pamoja na mdogo wake, Dewey.

“Kaka, hata kwa hiyo utakosa kulungu,” Dewey alimchokoza. “Muulize mkeo kama umewahi kulenga.”

Hobart aliigeuza bunduki, akamtwanga kitako mdomoni. Kwa! Dewey alianguka, Hobart akazidi kumponda mpaka Verlin akamng'ang'ania mikono. Hobart akaitupa bunduki, akakimbia.

Dewey alipokwisha kubebwa, Verlin alifagia maranda yaliyolowa damu, akaokota jino lililovunjika pembe. Akalipachika kwenye ile alama. Likakaa sawasawa.

Asubuhi iliyofuata kitako kilikuwa na alama nyingine, mbichi: meno mawili ya mbele, na mwanya katikati.