Shemeji Yangu Alituletea Sumu Akaiita Mbolea

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa huku Moiben, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Wasomaji wenzangu, wengine mtasema nina moyo mgumu. Semeni tu! Lakini nisikilizeni kwanza mpaka mwisho.

Mambo haya yalitokea enzi za chama kimoja, wakati mtu mwenye beji ya chama kifuani alikuwa kama mungu mdogo. Shemeji yangu Barnaba alikuwa na beji hiyo. Alikuwa pia na duka kubwa la mbolea na dawa za mifugo mjini Eldoret. Mume wangu, Kiptoo, alikuwa kaka yake mkubwa, mtu wa shamba, mpole, asiyejua kumkatalia ndugu yake kitu.

Basi siku moja Barnaba akaja na lori limejaa mapipa ya chuma. Alisema ni mbolea ya maji kutoka Ulaya, imeshuka bandarini Mombasa, na duka lake halina nafasi. Akaomba tumwekee kwenye stoo yetu ya mahindi mpaka msimu wa kupanda. Kiptoo alikubali hapo hapo. Ndugu akikuomba nafasi, utamkatalia vipi?

Mvua ilipoanza, mapipa mengine yakaanza kuvuja. Harufu yake ilikuwa inachoma macho kama kitunguu. Kiptoo akaenda mjini kumwuliza ndugu yake afanye nini. Barnaba alimwambia ayahamishe tu, ayaweke mahali pakavu, na akimwagikiwa anawe na sabuni. Na sabuni!

Mume wangu alishinda siku nzima akiviringisha mapipa yale kwa mikono mitupu...

Wa kwanza kufa walikuwa ndama. Walikunywa maji kwenye mtaro unaopita nyuma ya stoo, wakaanguka mmoja baada ya mwingine wakitoa povu. Kisha ngozi ya mikono ya Kiptoo ikaanza kubanduka. Akakohoa. Akashindwa kula. Macho yake yakafunikwa na utando, akawa ananitambua kwa sauti tu.

Tulimpeleka hospitali mjini Eldoret. Daktari aliyempokea alinivuta kando akaniuliza mume wangu ameshika nini. Nikamwambia mbolea. Akatikisa kichwa. "Mama, hakuna mbolea inafanya mtu hivi. Hii ni sumu."

Kiptoo alifariki akiwa ameshika mkono wangu. Ee Mola, uchungu ule niuseme vipi?

Kwenye mazishi, Barnaba ndiye aliyelia kuliko wote. Alinunua jeneza zuri. Alisimama mbele ya watu akasema amepoteza nguzo yake. Mama mkwe wangu akamkumbatia, na mimi nikamshukuru. Nilimshukuru, jamani!

Wiki chache baadaye alikuja kuangalia mapipa. Wafanyakazi wake walikuwa wamevaa glavu ndefu na kujifunga vitambaa puani. Yeye mwenyewe alisimama mbali, karibu na lango. Mimi bila kufikiria nikasogea kusukuma pipa moja lililoziba mlango.

Barnaba akapiga kelele: "Rael! Usiguse hiyo kitu na mkono!"

Nikageuka nikamtazama. Akanitazama. Kisha akaanza kusema eti mikono yangu itachafuka... Lakini nilikuwa nimeshaona. Alijua! Alijua tangu mwanzo, na bado alimwambia ndugu yake wa tumbo moja anawe na sabuni.

Nilienda kwa chifu. Chifu alicheka. Aliniuliza kama ninapinga maendeleo, na kama nataka kuitwa adui wa serikali kwa sababu ya maombolezo. Nilienda polisi. Wakaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nani angemgusa mtu wa chama?

Basi nikaapa. Nilisimama kwenye kaburi la mume wangu, udongo haujakauka, nikaapa kwamba Barnaba atalipa.

Nilirudi kwa yule daktari. Akaniambia ana rafiki anayefanya kazi forodhani Mombasa, Bwana Mwakio, mtu asiyenunulika. Nilipanda treni mpaka pwani nikiwa na kichupa cha maji ya pipa, nimekifunga kwa matambara na nailoni. Bwana Mwakio alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kufikiria: viwanda vya ng'ambo vilikuwa vinawalipa watu kama Barnaba wawaondolee taka zenye sumu. Kuzitupa huko kwao ni ghali. Kuzitupa kwetu ni rahisi, ukimpata mwenye tamaa.

"Tukimshika peke yake, meli nyingine itakuja na jina lingine," alisema. "Tunataka tushike na wenye kutuma. Mama, unaweza kuvumilia?"

Nilivumilia! Nilirudi nyumbani nikamchekea Barnaba. Nilimwandalia ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilimwambia kelele zangu kwa chifu zilikuwa uchungu wa msiba tu, stoo ni yake, alete mzigo mwingine, mimi mjane nitamlindia. Kila tonge alilokula kwangu nililihesabu kama deni. Akaniamini, akaanza kujisifu mezani meli gani inakuja na inatoka bandari ipi. Nami kila jambo nililisafirisha Mombasa kwa simu ya posta ya mjini.

Huko Bwana Mwakio aliwasiliana na maofisa wenzake wa forodha katika bandari ile ya Ulaya. Wao wakafuatilia mapipa mpaka kwenye kiwanda yalikotoka, wakanyamaza, wakaiacha meli ing'oe nanga. Bandari za nchi jirani nazo zikapewa habari, ili meli ikifukuzwa kwetu isiende kumwaga kwa wenzetu. Fikirieni, watu wa nchi mbalimbali, hawajaonana hata siku moja, wameshikana mikono kwa sababu ya mapipa ya Barnaba!

Meli ilipofika, nilimwomba shemeji anipeleke nione bahari. Alifurahi. Alivaa suti na beji yake.

Bandarini Mombasa tulikuta maofisa wanatungoja, na mzungu mmoja wa forodha ya kule kwao. Mapipa kadhaa yalikuwa yameshushwa. Bwana Mwakio akamwuliza Barnaba ni nini. Akajibu, mbolea. Basi akaambiwa kwa upole afungue pipa moja, atie mkono, awaonyeshe.

Barnaba akarudi nyuma.

Nikamsogelea. "Fungua, shemeji. Si ni mbolea tu?"

"Rael, nini hii unafanya?"

"Fungua! Ikikumwagikia utanawa na sabuni. Si ndivyo ulimwambia Kiptoo?"

Jasho lilimtoka kama mvua. Akaanguka magoti mbele ya watu wote, akalia kilio cha kweli, si kile cha mazishini. Sitawadanganya... nilifurahi!

Wakubwa walijaribu kumwokoa, wakashindwa, kwa sababu kesi ilikuwa imefunguliwa ng'ambo pia na mwenye kiwanda ameshakamatwa. Meli ilirudishwa na sumu yake, pamoja na mapipa ya stoo yangu. Barnaba alifungwa miaka mingi. Duka likauzwa.

Mama mkwe hakunisemesha tena mpaka alipoingia kaburini. Alisema nimemnyang'anya mtoto aliyebaki. Hilo bado linaniuma.

Barnaba alipotoka gerezani alikuja langoni, mzee, amekonda, akaniomba msamaha. Nikamwonyesha kaburi la ndugu yake, nikamwambia aende amweleze yeye kwanza kilichokuwa ndani ya mapipa. Hakuthubutu kupita lango. Akaondoka, na sikumwita arudi.

Pale nyuma ya stoo hapaoti kitu mpaka leo. Kisasi kilinipa usingizi, lakini hakikunirudishia Kiptoo wala udongo wangu.

Ndugu zangu, nawasihi, undugu usiwazibe midomo. Ulizeni! Mtu akikuletea mzigo usioujua, hata kama mlinyonya ziwa moja, mwambie aufungue yeye, kwa mikono yake, mbele yako. Akirudi nyuma hata hatua moja... mfukuze na mzigo wake!