Sauti Iliyorukwa na Kompyuta

"Fundi, CD yangu iko wapi?"

"Ipi, Mwalimu?"

"Unaijua. Ile uliyonichomea kabla hujanioa."

Mume wangu hakuinua kichwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, lakini ilikuwa wiki ya tatu sasa meza yetu ya chakula imejaa nyaya, tunakula tumepakata sahani. Alikuwa anahamishia CD zetu zote kwenye kompyuta, mia mbili na ushee, ili tuwe tunabonyeza simu tu na spika inaimba. Simu yenyewe yake. Akienda nayo kazini, nyumba inabaki kimya kama darasa la mtihani.

"Imo humu," alisema, akaigonga kompyuta. "Sikiliza."

Wimbo wa kwanza ukalia, safi, bila mkwaruzo. Ukaisha. Wa pili ukadakia.

"Na wewe uko wapi?"

"Si niko hapa?"

"Usinitanie, Fundi. Sauti yako iko wapi?"

Kwenye CD ile, kati ya wimbo na wimbo, alikuwemo yeye. Kijana mwoga wa miaka ishirini na minne, akisema maneno yaliyomshinda ana kwa ana. Baada ya wimbo wa mwisho ndipo aliponiposa.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Niliiambia iruke kila kipande kisichofika nusu dakika," alisema polepole. "Nilidhani ni ukimya tu, unajaza nafasi bure."

"Kwa hiyo mimi niliposwa na ukimya?"

"Mwalimu, sikukumbuka..."

"Haya, nipe CD yenyewe."

Akainama kukunja waya.

"Fundi!"

"Nilimpa dada. Zote."

Nikampigia wifi yangu papo hapo.

"Wifi! Asanteni kwa zile CD! Nimezitundika bustanini, zinamulika hizo! Ndege hawaisogelei tena miche yangu."

Nilikwenda alasiri ileile. Wifi alinishikia ngazi huku anacheka, mpaka nilipomweleza ninachotafuta. Tuliipata juu ya nyanya, mwandiko wa mume wangu umefifia, jua limeibabua. Nyumbani tuliitia kwenye mashine. Ikazunguka, mashine ikaitema.

Siku mbili sikumsemesha. Ya tatu, ukaingia ujumbe: "Mwalimu, leo wahi kurudi. Usigombe kabla hujasikiliza."

Nikamjibu: "Nitagomba nikipenda."

Nilimkuta mezani, ameweka simu mbele yake, inarekodi.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Nimesahau nilivyosema."

"Miaka kumi na tisa naisikiliza, wewe umesahau?"

"Nilisema nitakupenda daima. Nilikuwa najua nini? Sikujua hata kama unakoroma."

"Zima hiyo!"

"Sizimi. Sasa nakujua. Unagomba, unakoroma, ujumbe wangu unausahihisha kama daftari la mwanafunzi. Na ningeambiwa nichague leo, ningekuposa wewe huyuhuyu. Unanikubali?"

"Kwanza ondoa nyaya zako mezani."

"Mwalimu, jibu."

"Nimekukubali, msumbufu mkubwa wewe!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaiweka sauti hiyo kwenye kompyuta, baada ya wimbo wa mwisho, mahali pale pale palipokuwa na ile ya kwanza.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Moyo, walisema hospitali. Jumapili huwa naisikiliza nikiwa napiga pasi.

Jumapili iliyopita binti yetu alikuja, akaisikiliza pamoja nami, akafuta macho.

"Mama, hizi kelele zako naweza kuziondoa. Abaki baba peke yake."

"Usiguse," nikamwambia. "Alikuwa anaongea na mimi."